Chanjo ya homa ya mafua: pesa zinatosha sindano tatu, tuanze na nani?

SWALI: Naishi Kisauni, Mombasa. Nina mimba ya wiki 22 na mtoto wa miezi 14. Tunaishi na mama mkwe wangu, ana miaka 67, ana sukari na presha, na Inshallah ataondoka kwenda Hija baada ya wiki kumi, mwanzoni mwa Mei. Kwenye kikundi chao cha mahujaji ameambiwa achanjwe flu. Mume wangu anasema ni kupoteza pesa. Mwaka jana walichanjwa bure kazini kwao, na siku chache baadaye akashikwa na mafua. Isitoshe, anasema, ni sindano ya kila mwaka, haina mwisho. Akiba tuliyoweka inatosha sindano tatu. Je, ipo haja? Kama ipo, tuanze na nani? Na mimi naogopa kwa sababu ya mimba.

JIBU: Dada, ipo haja, lakini uzito wake si mmoja kwa kila mtu humo ndani. Wewe na mama mkwe ndio wa mbele. Mtoto anafuata, na yeye anahitaji sindano mbili, si moja. Mume wako ni wa mwisho, na bahati nzuri yake ni ya bure kazini. Kwa hiyo mnahitaji kununua sindano nne. Nitaeleza namna ya kuzipanga ili ile ya nne isiwaumize.

Kwanza tusafishe jina, kwa sababu hapo ndipo mume wako alipokwama. Neno mafua tunalitumia kwa kila kitu kinachotoa kamasi. Wengine Kenya huita homa, na ukivuka mpaka wa Horohoro ukafika Tanga, Tanzania, homa ni joto la mwili la ugonjwa wowote ule. Virusi vinavyoleta kamasi na chafya ni vingi mno, na vingi kati yake havina chanjo. Chanjo tunayoizungumzia hapa inalenga kundi moja tu: virusi vya influenza, vinavyoleta homa ya mafua. Mtu aliyechanjwa ataendelea kupiga chafya vumbi likimwingia, na ataendelea kupata mafua ya kawaida mara mbili tatu kwa mwaka kama zamani. Aliyeahidiwa kwamba sindano hii itamaliza mafua amedanganywa, na ana haki ya kulalamika, ila si kwa sindano.

Tofauti ya magonjwa haya mawili unaweza kuiona ukikaa karibu na mgonjwa. Mafua ya kawaida huja polepole: leo koo linawasha, kesho pua inatiririka, kesho kutwa unakohoa kidogo, na kazini unaenda. Homa ya mafua hukuangusha kwa saa chache. Mtu anaweza kukuambia saa ngapi ilimshika. Joto hupanda hadi 38 au 39, kichwa kinagonga, mgongo na mapaja yanauma kama aliyebeba magunia, kikohozi ni kikavu, na hamu ya chakula hupotea. Joto hushuka baada ya siku tatu hadi tano, lakini uchovu na kikohozi vinaweza kubaki wiki mbili. Mtoto mdogo anaweza kutapika na kuharisha juu ya hayo.

Sasa, mume wako "alishikwa na mafua siku chache baadaye". Sindano yenyewe haiwezi kumpa mtu homa ya mafua. Virusi vilivyomo vimeuliwa kwa kemikali kisha vikavunjwavunjwa, kilichobaki ni vipande vya protini ya ganda la nje. Kipande cha ganda hakizaliani. Ila kuna njia tatu ambazo mtu anaweza kuumwa baada ya kuchanjwa. Kwanza, mwili huchukua kama wiki mbili kutengeneza kingamwili za kutosha, yaani askari wake wa kupambana na kirusi, kwa hiyo aliyeambukizwa siku ya tano yuko kama hakuchanjwa. Pili, anaweza kuwa amepata kimojawapo cha vile virusi vingine. Tatu, kuna uchovu, maumivu ya bega na joto dogo la siku moja au mbili, ambalo ni mwili kuitikia chanjo. Kwa maelezo uliyonipa siwezi kujua kipi kilimpata yeye, ila mafua yaliyokuja ndani ya siku chache hayawezi kuthibitisha kwamba chanjo ilishindwa, kwa sababu ilikuwa haijaanza kazi.

Hapo sijasema kwamba chanjo hii haishindwi. Inashindwa, na ni vizuri ujue kwa kiasi gani kabla ya kutoa pesa. Katika miaka ambayo chanjo imelingana vizuri na virusi vinavyozunguka, hupunguza uwezekano wa kuumwa homa ya mafua kiasi cha kumpeleka mtu kwa daktari kwa takriban asilimia 40 hadi 60. Namba hiyo husomwa vibaya sana. Asilimia 50 haimaanishi kwamba nusu ya waliochanjwa wataumwa. Chukulia watu 100 wasiochanjwa, kumi kati yao wakapata homa ya mafua. Kama chanjo ina nguvu ya asilimia 50, basi kati ya watu 100 waliochanjwa watapata watano. Na upo mwaka chanjo inapokosea. Msimu wa 2014 na 2015, aina moja ya kirusi iitwayo H3N2 ilibadilika baada ya chanjo kuchaguliwa, na huko Marekani nguvu ya chanjo ilipopimwa ilikuwa asilimia 19 tu.

Kwa nini basi wataalamu wanaendelea kuipendekeza? Kwa sababu hesabu yenyewe ni ya vitanda vya hospitali. Kwa kijana mwenye afya, homa ya mafua ni wiki moja kitandani na supu ya kuku. Kwa mtu wa aina ya mama mkwe wako, ni nimonia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu milioni 3 hadi 5 huumwa vibaya kwa ugonjwa huu, na 290,000 hadi 650,000 hufa kwa matatizo ya kupumua yatokanayo nao. Walio hatarini zaidi wanajulikana: wazee, wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano, na wenye maradhi ya kudumu kama sukari, moyo, pumu, figo, selimundu na VVU. Wahudumu wa afya nao huwekwa mbele kwa sababu wanakutana na wagonjwa kila siku. Humo nyumbani kwenu watu watatu kati ya wanne wako kwenye orodha hiyo, na wa tano yuko tumboni.

Kuhusu "sindano ya kila mwaka, haina mwisho". Fikiria kanga. Mwili unamtambua adui kwa kutazama mji wa kanga yake, yale maua makubwa ya katikati. Virusi vya influenza vina miiba ya protini juu ya ganda, na kingamwili zinashika ncha ya miiba hiyo. Kila kirusi kinapojinakili kinafanya makosa madogo, na baada ya mwaka mmoja au miwili ncha ya mwiba imebadilika maua kiasi kwamba kingamwili za zamani zinapita bila kuitambua. Juu ya hilo, kingamwili zenyewe hupungua miezi inavyokwenda, hasa kwa wazee. Ndiyo maana chanjo ya surua unapewa utotoni ukaishi nayo, na hii inabidi irudiwe.

Shirika la Afya Duniani hukaa mara mbili kwa mwaka kuchagua virusi vya kuwekwa ndani ya chanjo: Februari kwa ajili ya nchi za kaskazini mwa dunia, na Septemba kwa ajili ya nchi za kusini. Viwanda huchukua kama miezi sita kuitengeneza, nyingi bado zikikuzwa ndani ya mayai ya kuku. Kwa hiyo chanjo ya kaskazini hutoka karibu Septemba au Oktoba, na ya kusini karibu Machi au Aprili. Sisi tulio karibu na ikweta tuko katikati. Ulaya wana majira ya baridi na wanajua ugonjwa unakuja lini. Kwetu, ufuatiliaji unaofanywa katika hospitali za Kenya unaonyesha virusi hivi vinapatikana karibu mwaka mzima, vikipanda na kushuka. Madukani mtakuta chanjo yoyote kati ya hizo mbili, kutegemea mwagizaji.

Kwa hiyo soma kisanduku. Utaona maandishi ya mwaka: "2025/2026" ni ya kaskazini, mwaka mmoja peke yake ni ya kusini. Chini yake kuna majina ya virusi, mfano B/Austria/1359417/2021. Herufi ya kwanza ni aina, neno la pili ni mahali kilipopatikana, namba ni ya sampuli, na mwisho ni mwaka. Siku hizi chanjo nyingi zina virusi vitatu: A viwili, yaani H1N1 na H3N2, na B kimoja. Zamani zilikuwa na vinne. Ukoo mmoja wa B, uitwao Yamagata, haujathibitishwa kuonekana popote tangu Machi 2020, ndipo ukaondolewa. Kwa hiyo asikuuzie mtu yenye vinne kwa bei ya juu akisema ni bora zaidi. Kisha tazama tarehe ya mwisho. Chanjo ya kaskazini mara nyingi huisha muda mwezi wa Juni. Ukipewa bei ya punguzo mwezi wa Agosti, geuza kisanduku usome.

Sasa tuje kwako. Umesema unaogopa kwa sababu ya mimba. Ni hofu ya kawaida, na ushahidi uko upande wako. Mimba inapokua, mapafu yanabanwa, moyo unafanya kazi zaidi, na kinga hubadilika. Ndiyo maana mjamzito akipata homa ya mafua, hasa kuanzia miezi ya kati na kuendelea, hulazwa kwa urahisi zaidi kuliko mwanamke wa umri wake asiye na mimba. Na joto kali lenyewe si zuri kwa mtoto. Chanjo ya sindano, iliyouliwa, inaruhusiwa katika kipindi chochote cha mimba na imetumiwa na mamilioni ya wajawazito kwa miaka mingi.

Lakini sababu kubwa zaidi ni huyo anayekuja. Mtoto wa chini ya miezi sita hapewi chanjo hii, haimfanyi kazi vya kutosha. Kinga yake kubwa ni ile unayompitishia kupitia kondo la nyuma. Huko Soweto, Afrika Kusini, mwaka 2011 na 2012, wajawazito zaidi ya 2,000 wasio na VVU waligawanywa, wengine wakapewa chanjo hii na wengine sindano isiyo na dawa, mimba zikiwa kati ya wiki 20 na 36. Homa ya mafua iliyothibitishwa maabara ilipungua kwa karibu nusu kwa akina mama, na kwa karibu nusu kwa watoto wao hadi umri wa wiki 24. Ulinzi kwa mtoto ulikuwa mkubwa zaidi wiki zake nane za mwanzo, kisha ukawa unafifia. Ukihesabu, wewe utajifungua karibu Julai, kusi inavuma na watu wamejifungia ndani. Wiki hizo nane ndizo unazozinunua.

Wapo wanaoshauri kusubiri hadi wiki ya 28 na zaidi ili kingamwili nyingi zaidi zimfikie mtoto. Katika nchi yenye msimu unaojulikana, ushauri huo una mantiki. Kwako, virusi vikiwa vinazunguka muda wote na una mtoto wa miezi 14 anayelamba kila kitu, nisingesubiri. Chanjwa wiki hii au ijayo, kwa chanjo yoyote isiyopita muda. Ukipewa na sindano ya pepopunda siku hiyo hiyo kliniki, hakuna shida, moja mkono huu na nyingine mkono ule.

Jambo moja ukatae: ile ya kupuliza puani. Hiyo ina virusi hai vilivyodhoofishwa na wajawazito hawapewi. Kwa familia ya Kiislamu kuna jambo la pili. Chanjo za puani zinazotumiwa sana Ulaya na Marekani zina jelatini ya nguruwe, wakati sindano nyingi hazina jelatini kabisa. Omba karatasi iliyomo ndani ya kisanduku na usome orodha ya viambato. Muuzaji mwaminifu atakupa bila kununa.

Mama mkwe. Sukari na homa ya mafua ni marafiki wabaya. Ugonjwa unapandisha sukari, mgonjwa hali chakula lakini ameshameza dawa, anatapika, anakauka maji, na ndani ya siku mbili hujui tena kama tatizo ni sukari ya juu au ya chini. Presha nayo ina la kwake. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa 2018, ulikuta kwamba katika siku saba baada ya mtu kuthibitishwa kuwa na homa ya mafua, uwezekano wa kupata shambulio la moyo ulikuwa kama mara sita ya kawaida yake. Hili watu wengi hawalijui. Mzee anaanguka na moyo, anazikwa kwa jina la moyo, na homa iliyotangulia wiki moja kabla haitajwi na yeyote.

Mwili wa mtu wa miaka 67 huitikia chanjo kwa uvivu kuliko wako. Kuna chanjo ya wazee yenye dozi kubwa, mikrogramu 60 za protini kwa kila kirusi badala ya 15. Mkiipata na mkaimudu, ni bora kwake. Msipoipata, ile ya kawaida haifai kuahirishwa kwa ajili ya kuitafuta.

Kwake yeye, tofauti na wewe, ningepanga muda kwa safari. Kinga inahitaji wiki mbili kukomaa, na Makka wakati wa Hija ni mamilioni ya watu kutoka kila pembe ya dunia, bega kwa bega, hema kwa hema. Wizara ya afya ya Saudi Arabia inawashauri mahujaji wachanjwe homa ya mafua, hasa wazee na wenye maradhi kama ya kwake. Pigeni simu kwenye vituo vitatu vinne mwishoni mwa Machi mkiuliza kama chanjo mpya ya kusini imefika. Ikifika, apigwe sindano hiyo bila kuchelewa. Ikiwa hadi katikati ya Aprili bado haijaonekana, apigwe ya kaskazini iliyopo, kwa sababu zaidi ya hapo mtaingia ndani ya zile wiki mbili. Unganisheni na sindano ya lazima ya homa ya uti wa mgongo, ile ya aina nne A, C, W na Y, ambayo Saudia wanataka iwe imetolewa angalau siku 10 kabla ya kuwasili. Zote mbili siku moja, mikono tofauti, na zote ziandikwe kwenye kadi. Na mkiwa hapo mumuulize daktari wake wa sukari kuhusu chanjo ya nimonia ya pneumokoka, kwa umri wake na maradhi yake inamhusu.

Mtoto wa miezi 14 ndiye anayewapa hesabu ngumu. Mtoto wa chini ya miaka tisa ambaye hajawahi kuchanjwa homa ya mafua anahitaji dozi mbili, zikipishana kwa angalau wiki 4. Ya kwanza inaufundisha mwili, ya pili ndiyo inayojenga ulinzi wa kutegemewa. Wazazi wengi humpeleka mara moja, wanarudi nyumbani wameridhika, na miezi miwili baadaye mtoto anaumwa na chanjo inatukanwa. Lakini sikiliza vizuri: wiki 4 ni kiwango cha chini. Ikichelewa hadi wiki ya 8 au ya 10 hamuanzi upya. Hapo ndipo pesa zenu zinapopanuka. Sindano ya kwanza mwezi huu ni yako, ya pili ni ya kwanza ya mtoto, ya tatu ni ya mama mkwe mwezi wa Aprili. Ya nne, yaani ya pili ya mtoto, mnaiwekea akiba polepole mpaka Mei. Kuanzia mwaka ujao, akishakuwa na dozi mbili, atahitaji moja tu. Chanjo hii haimo katika ratiba ya kawaida ya bure ya watoto, ingawa mwaka 2016 kamati ya wataalamu wanaoishauri serikali ya Kenya ilipendekeza watoto wa miezi 6 hadi 23 waipate. Kwa hiyo kila unapoenda kliniki ya mtoto, uliza tena.

Usishtuke wakimpa kipimo tofauti na chako. Mtu mzima hupewa mililita 0.5. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, chanjo za kampuni nyingine zinatolewa 0.25 na nyingine 0.5 nzima, na karatasi ya ndani ndiyo inayoamua. Yeye atachomwa paja la mbele kwa nje, ninyi wakubwa begani.

Pesa zikiwa zimepangwa, zinaweza bado kupotelea kwenye friji. Chanjo hii inakaa kati ya nyuzi 2 na 8. Ikipata joto la Mombasa kwa saa kadhaa inaanza kuharibika, na ikiganda inatupwa, hata kama ikiyeyuka inaonekana safi. Hutaona tofauti kwa macho. Kwa hiyo msinunue famasia mkaibeba kwenye mfuko ndani ya matatu hadi kwa nesi wa jirani. Mchanjwe pale pale friji ilipo. Na kabla ya kulipa, omba kwa heshima kuiona. Unatafuta vitu vichache: kipimajoto ndani yake chenye kusoma kati ya 2 na 8, daftari au karatasi ya joto iliyojazwa asubuhi na jioni, na visanduku vikiwa kwenye rafu ya katikati. Visanduku vilivyopangwa mlangoni hupata joto kila unapofunguliwa, na vilivyogusana na sehemu ya barafu huganda. Uliza stima ikipotea wanafanyaje. Jibu zuri ni jenereta, au boksi la baridi lenye vipande vya barafu vilivyotayarishwa. Wakikujibu "huwa inarudi haraka", nenda kwingine. Soda na mabaki ya chakula cha mchana ndani ya friji hiyo ni jibu tosha.

Muuguzi ataitikisa sindano kidogo kabla ya kuchoma, ni kawaida. Kaeni dakika 15 kabla ya kuondoka. Mzio mkali ni nadra mno, kama mtu mmoja kwa kila milioni, lakini ukitokea hutokea mapema, na dawa yake iko pale kituoni. Mtu mwenye mzio wa mayai anaweza kuchanjwa. Ushauri wa zamani wa kumzuia umeondolewa. Asiyepaswa kuchanjwa ni aliyewahi kupata mzio mkali kwa chanjo hii yenyewe. Aliyewahi kupooza kwa ugonjwa wa Guillain-Barré ndani ya wiki sita baada ya dozi ya nyuma azungumze na daktari kwanza. Ugonjwa huo mtausikia ukitajwa mitandaoni. Ulihusishwa na chanjo ya Marekani ya mwaka 1976, takriban mtu mmoja wa ziada kwa kila 100,000. Kwa chanjo za sasa, hatari hiyo ikiwepo, ni mtu mmoja au wawili kwa kila milioni, na homa ya mafua yenyewe nayo huweza kuuleta. Kama mama mkwe anameza dawa za kuzuia damu kuganda, amwambie muuguzi, atatumia sindano nyembamba na kubana pamba kwa dakika mbili bila kusugua. Mwenye kamasi ndogo anachanjwa. Mwenye joto kali asubiri lipungue.

Mkishachanjwa, lipo kosa moja la hatari kwetu: kuamini kila homa itakayokuja ni "nguvu ya chanjo" au ni flu tu. Mombasa kuna malaria, na homa ya dengi, inayoletwa na mbu, imezuka zaidi ya mara moja. Joto la 38 na zaidi kwako mjamzito au kwa mtoto linapimwa malaria siku hiyo hiyo, hata kama mlichanjwa jana. Kama ni homa ya mafua kweli na wewe au mama mkwe mmeshikwa, fikeni hospitali ndani ya saa 48 za kwanza. Ipo dawa ya virusi iitwayo oseltamivir, inayofanya kazi vizuri ikianzwa mapema, na wajawazito wanaruhusiwa. Antibayotiki hazigusi kirusi hiki. Kupumua kwa shida, midomo kubadilika rangi, mtoto kukataa kunyonya au kuwa mlegevu, mzee kuchanganyikiwa, au joto lililokwisha shuka kisha likarudi na kikohozi cha makohozi: hayo si ya kusubiri asubuhi.

Mume wako ana haki kwenye jambo moja. Kwa mtu mzima mwenye afya, asiyeishi na mtu dhaifu, na mwenye pesa za kuhesabu, sindano hii si deni. Ningemwambia alipe kwanza bima au dawa za presha za mzazi. Yeye lakini anatoka kazini kila jioni na kumbeba mtoto, na kuanzia Julai atambeba mchanga asiyeweza kuchanjwa. Kampuni ikiita tena, akubali, na aende akijua kwamba wiki mbili za mwanzo hazihesabiwi. Tarehe na namba ya toleo iliyo kwenye kisanduku aiandike mahali, kama mtakavyoandika zenu kwenye kijitabu cha kliniki na kadi ya Hija.